Mama Kioko, usibebe pesa za reki kwanza

Kirinyaga Road, Nairobi

Mama Kioko mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku mjini. Ujumbe wako nimeupata, na ile sehemu unaposema utakuja Jumamosi kutoka Machakos na pesa za reki ya Corolla yako mkononi (kile chuma kirefu cha chini kinachogeuza magurudumu ya mbele) nimeirudia mara mbili. Wajua mimi nauza spea. Ningenyamaza tu, nikutolee reki ya kutoka Japani na nikusindikize hadi stejini. Lakini kwa hayo uliyoniandikia, usukani mzito ukipaki na sauti ya kulia asubuhi, mimi bado sioni reki. Na huyo fundi aliyekwambia ununue reki, kwa maelezo yako mwenyewe, hata boneti hakufungua.

Anza na upepo. Tairi za mbele zikipungua upepo, usukani huwa mzito kama mkokoteni wa mitungi ya maji, na hakuna spea ya kuliponya hilo. Kipimo kimeandikwa kwenye kibandiko kando ya mlango wa dereva. Mwambie kijana wa petroli ajaze kwa hicho, asikisie.

Upepo ukiwa sawa, mwombe Baba Kioko ainue gari mbele kwa jeki hadi magurudumu yote mawili yaning'inie, aweke stendi chini na mawe nyuma ya tairi za nyuma. Jeki peke yake usiiamini. Injini izimwe, lakini ufunguo uzungushwe kidogo ili usukani usijifunge. Sasa zungusha kutoka mwisho hadi mwisho. Ukienda bila kukwama, vyuma ni vizima na shida iko upande wa oili inayousaidia usukani kugeuka. Ukikaza hata gari likiwa hewani, oili haina hatia: tazameni bolijointi, bearing ya juu ya shoki, na ile jointi ndogo ya nguzo ya usukani karibu na pedali, ambayo hushika kutu bila mtu kuikumbuka.

Nadhani utakuta ni oili. Kifuniko cha kikopo cha oili ya usukani kina kijiti chenye alama za HOT na COLD. Corolla yako, kama Toyota nyingi za miaka ya 1990, hutumia ATF, ile nyekundu ya giaboksi ya otomatiki, Dexron II au III. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, imechoka. Mtu akitaka kukujazia oili ya breki, mnyang'anye chupa. Ile huvimbisha sili zote za humo (mipira ya kuzuia oili isivuje) na kuziharibu, na hapo ndipo utanunua reki kweli, na pampu ya kusukuma oili juu yake. (Ya shemeji yako ni Honda, na Honda wana oili yao wenyewe. Asije akaazima chupa yako.)

Kisha washa injini, ufungue kifuniko uchungulie. Ukiona povu, pampu inavuta hewa, na hiyo sauti ya kulia inayopanda ukikanyaga mafuta mara nyingi ndiyo hiyo hewa. Mshukiwa wangu wa kwanza ni hozi fupi inayotoka kwenye kikopo kwenda kwenye pampu. Hozi hiyo ni ya kuvuta. Ikipata ufa mdogo au klipi ikilegea, inaweza kunyonya hewa bila kudondosha hata tone chini, kwa hiyo watu hupekua gari zima wakitafuta oili iliyomwagika na kuipita. Mpira wa miaka 25 umeshakauka, huo. Hozi na klipi mbili mpya si kitu ukilinganisha na bei ya reki. Mkiwa hapo, toeni pia kikopo mkioshe, maana vingine vina kichujio ndani na uchafu ukikiziba pampu hukosa oili. Lakini msiahirishe, kwa sababu pampu inayozungusha hewa hujila yenyewe.

Kama mlio ni mkali na unatoka ukikunja hadi mwisho, hiyo ni belti ya kuzungusha pampu inateleza. Ibonyeze katikati kwa kidole gumba, injini ikiwa imezimwa. Ikizama sana kupita sentimita 1, ikazwe. Ikiwa imeng'aa upande wa ndani au imelowa oili, ibadilishwe.

Hozi ya presha, inayotoka kwenye pampu kwenda kwenye reki, sitaki uiguse kienyeji. Presha ya humo inaweza kupita bar 60, na tairi lako lina bar 2 na kitu tu. Kuna watu huikata mahali inapovuja na kuiunga kwa kipande cha mpira na klipi, halafu oili inarukia ekzosi ya moto. Nimeona gari likifuka moshi kwa hilo. Huku Industrial Area kuna wanaofinya hozi mpya za haidroliki kwa mashine, mpelekee wa namna hiyo.

Reki yenyewe itajisema. Ile mipira yenye mikunjo kila upande wa reki, ibonyezeni. Ikiwa imejaa oili, sili za ndani zimekwisha. Hata hapo, wapo mafundi hapa Grogan (wazee hawajaacha kuuita mtaa huu hivyo) wanaobadilisha sili peke yake, mradi chuma cha ndani hakijaliwa na kutu. Mimi ningechagua hilo kabla ya reki ya mtumba ambayo hatujui imelala wapi na kwa muda gani. Usiniambie nimekuharibia soko langu.

Mkishabadilisha chochote, toeni hewa: gari juu ya stendi, injini imezimwa, zungusha usukani taratibu mwisho hadi mwisho huku mwingine akiongeza oili, mpaka mapovu yaishe. Ndipo muwashe na kurudia. Na wewe, ukipaki, usiushikilie usukani ukiwa umekunjwa hadi mwisho kwa zaidi ya sekunde 5. Pampu huchemka hapo.

Ukikuta mipira imelowa, basi njoo Jumamosi, lakini mapema, kabla barabara hii haijafurika. Ikiwa reki imeshafunguliwa, uje nayo tulinganishe mahali pa hozi na meno ya shafti. Corolla za mwaka mmoja huweza kutofautiana. Ikiwa ni hozi tu, nitampa kijana wa matatu akuletee. Pima urefu na upana wa tundu lake unitumie.

Msalimie Baba Kioko na watoto. Maembe yakiiva, usinisahau.

Mimi wako,
Mama Shiru