Nyeusi nje, mbichi ndani: kwa wanaokodi majiko yetu wikendi ya Nane Nane

Nane Nane ikikaribia, majiko yetu ya nusu pipa hapa Mwanga, Kigoma, hukodiwa mapema, mengine yanapanda bodaboda kwenda Ujiji, mengine Gungu na Katonga. Sikukuu ikiisha yanarudi na lalamiko lilelile: "Fundi, jiko lako linaunguza. Kuku mweusi nje, ndani ana damu." Tumekwenda mpaka uani kwa wateja kuangalia, na karibu kila mara tumekuta nyama ilipanda wavuni moto ukiwa bado na miali.

Mkaa unataka kama nusu saa. Uwashe kwa karatasi na vijiti vikavu, halafu uuache. Makaa yakishavaa majivu meupe na moshi ukikatika, yasogeze mengi upande mmoja, upande wa pili ubaki na machache. Weka kiganja juu ya wavu, kimo cha upana wa kiganja chenyewe. Ukishindwa kuvumilia baada ya kuhesabu mbili au tatu, huo ni moto wa kubabua mishikaki. Ukifika tano au sita, hapo ndipo paja la kuku linaiva taratibu mpaka kwenye mfupa. Kwa hiyo kuku ababuke upande mkali, kisha ahamie upande wa pole na afunikwe kwa sufuria. Mwenye kipimajoto cha nyama asubiri nyuzi 74 za Selsiasi, akipima penye nyama nene bila kugusa mfupa. Kuku wa kienyeji mchemshe kwanza alainike, na akitoka sufuriani aende wavuni moja kwa moja.

Mgebuka ukitoka nao Kibirizi, ukaushe kwa kitambaa safi na uupake wavu mafuta, kisha mweke samaki na usimguse. Samaki anayegeuzwa mapema huacha ngozi yake wavuni. Akiwa tayari huachia mwenyewe. Mawese tunayapenda, na sisi tunayapaka, ila mwishoni na upande wa pole, kwa sababu kila tone linaloangukia makaa linainua moto.

Sinia lililobeba nyama mbichi lisibebe iliyoiva mpaka lioshwe kwa sabuni. Chakula kilichoiva kisikae nje zaidi ya saa mbili, na siku ya joto kali saa moja inatosha.

Sasa yale ambayo hatuyasemi kwa upole. Petroli haiwashi jiko, inalipua. Mafuta ya taa nayo usiyamwagie makaa yaliyokwisha kushika moto. Agosti ni kiangazi, majani yamekauka na upepo wa kusini haudharauliki, hivyo jiko likae angalau mita tatu mbali na ukuta, makuti na kamba ya nguo, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Wavu wa banda la kuku usiufanye wa kuchomea: umepakwa zinki, na zinki ikipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu. Wavu wetu ni wa nondo tupu.

Na jiko lenye makaa lisiingie ndani, hata kama usiku una baridi na moto unaonekana umefifia. Makaa yanayofifia yanaendelea kutoa hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na aliyelala haamki.

Kuna mteja alimwaga majivu jioni kwenye shimo la taka. Asubuhi mwanawe akakanyaga pale, akaungua unyayo, kwa sababu makaa yaliyofunikwa na majivu hukesha. Tangu hapo tunamwambia kila anayekodi: mwagia maji kidogo kidogo ukikoroga, mpaka yanyamaze kabisa. Mtu akiungua, mpeleke kwenye maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno na mawese vikae mbali na kidonda, na kama malengelenge ni makubwa au aliyeungua ni mtoto, mpeleke hospitali.

Jiko linatoka kwetu na wavu, koleo refu na ndoo ya mchanga, bei ni moja. Likirudi halijasuguliwa hatukutozi chochote, tutalisugua wenyewe. Tunachoomba ni lirudi likiwa baridi.