Riwaya za waseja: wasomaji hawagombani juu ya kitu kimoja

Mhariri,

Ugomvi kuhusu riwaya za wanawake waseja wanaotafuta wachumba, wengine wakizifurahia na wengine wakisema zinawadharau wanawake, hutokana sana na namna zinavyosomwa. Bridget Jones, mseja wa kubuniwa wa mwandishi Helen Fielding, alianza mwaka 1995 katika safu ya gazeti la The Independent la Uingereza, akawa kitabu mwaka 1996. Kwenye safu, mhusika akihesabu uzito wake na sigara alizovuta, unacheka kisha unasubiri toleo lijalo. Ukiyasoma hayo hayo mfululizo usiku mmoja, mzaha unachuja na mhusika anaonekana mpumbavu.

Halafu kuna nafsi ya kwanza, yaani mhusika anasimulia mwenyewe kwa "mimi". Msimulizi anajikejeli. Anayeing'amua kejeli hiyo anajiona amepata wa kunong'ona naye. Asiyeing'amua anadhani wanawake wanafundishwa kujidharau. Sentensi ni ile ile!

Lawama ninayoikubali ni ya mwanamume wa hadithi: tajiri, mtanashati, na kazi yake hatumwoni akiifanya. Huo ni uzembe wa mwandishi. Lakini kuzitupa riwaya hizi zote kwa kuwa zinaishia harusini ni uonevu. Mwandishi Mwingereza Jane Austen alimaliza vivyo hivyo riwaya yake Pride and Prejudice mwaka 1813, na vyuo vikuu bado vinamfundisha.

Msomaji wenu