Sisi wa miaka 45 na kuendelea hospitali tunaingilia mlango gani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua na naomba msiikate sana maana najua huwa mnakata. Nataka kuongelea haya matangazo ya dawa za kubalansi homoni, sasa hivi yamejaa kila kona, redioni asubuhi yapo, magrupu ya wasap yapo, kwenye daladala wanabandika, na samahani kusema ila hata gazetini kwenu yapo pale chini karibu na matangazo ya viwanja. Kopo moja eti linatibu joto la usiku, kitambi, uvimbe kwenye kizazi, sukari na nguvu za kiume, yaani kopo hilohilo moja. Na bei sio mchezo, ukiambiwa ununue dozi ya miezi mitatu hiyo ni hela ya ada ya mtoto.

Mi sina hasira sana na wauzaji, mfanyabiashara anaenda penye wateja. Ninachojiuliza ni kwa nini sisi wateja tumekuwa wengi kiasi hiki. Ninavyoona mimi ni kwamba mwanamke wa nchi hii akishamaliza kuzaa hana tena mlango hospitali mpaka siku augue. Ukiwa na mimba kuna kliniki, unapimwa presha, uzito, damu, unapewa kadi na usipoonekana kuna mhudumu anakuulizia mtaani. Mtoto akifika miaka mitano basi, kadi inawekwa kabatini na hakuna mtu atakuita tena. Nitasema kitu wengine watanishangaa, dada zetu wanaohudhuria CTC, ile kliniki ya wanaoishi na VVU, kwenye hili wakati mwingine wana nafuu kuliko sisi, maana wakienda kuchukua dawa kuna mtu anawapima uzito na kuwauliza vipi unaendeleaje. Mimi ambaye sina ugonjwa unaojulikana naulizwa na nani?

Na huu ndo umri ambao mambo yanabadilika kuliko wakati wowote tangu uvunje ungo. Wengi hedhi inakoma kati ya miaka 45 na 55, na inahesabiwa imekoma ukipitisha miezi 12 mfululizo bila kuona siku zako, ila vurugu zinaanza miaka kadhaa kabla ya hapo. Ovari zinaanza kuchoka, na estrojeni, ile homoni ya kike, haishuki kwa utaratibu, leo juu kesho chini, ndo maana mwezi huu unaona siku mara mbili halafu miezi mitatu kimya. Ile sehemu ya ubongo inayoangalia joto la mwili nayo inakuwa nyepesi kushtuka, joto likipanda kidogo tu inaona umeungua, inafungulia jasho. Sasa mwanamke wa hapa Morogoro akiamka saa nane usiku kalowa, moyo unamwenda mbio, viungo vinauma, unadhani atawaza nini kama sio malaria? Anaenda zahanati, kipimo hakioni kitu, anaambiwa basi itakuwa taifodi au yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, anaandikiwa antibayotiki, baada ya muda yuko palepale na joto lake. Ofisini kwetu walimu wa rika langu tulikuja kulijua hili tukigombania feni, ilianza kwa utani, ikaonekana karibu kila mmoja keshameza dawa za magonjwa ambayo pengine hata hakuwa nayo.

Tuseme ukweli pia, yutiai nyingine ni za kweli kabisa. Estrojeni ikipungua ngozi ya ukeni inakuwa nyembamba na kavu, wadudu wanaingia kirahisi, na tendo la ndoa linauma, mwanamke anaanza kutafuta sababu za kulala mapema na baba anajua keshachokwa. Ndoa ngapi zimeingia baridi kwa kitu ambacho kina dawa ya kuweka ukeni yenye estrojeni kidogo tu na daktari yeyote wa wanawake anaijua. Lakini nani ataenda kusema hayo dirishani foleni nzima ikisikiliza, tena nesi mwenyewe umri wa binti yako?

Hapo sijagusa wanaouza vipimo. Siku hizi unaambiwa njoo upime homoni zote, unalipa, unapewa karatasi ya namba na ukitoka mlangoni wanakuelekeza kwenye kopo. Kwa mwanamke aliyevuka 45 mwenye dalili hizi, kipimo cha FSH, homoni ya ubongo inayoamsha ovari, mara nyingi hakiongezi kitu kwa sababu hiyo homoni yenyewe inapanda na kushuka, Uingereza mwongozo wa 2015 wa NICE, taasisi yao inayowaandikia madaktari miongozo ya tiba, unamwambia daktari aangalie umri na dalili tu, inatosha. Vipimo vya maana ni vile ambavyo havina matangazo, presha, sukari, wingi wa damu kama ulikuwa unatoka sana, na tezi ya shingoni ile ya thairoidi maana ikilegea au ikizidi dalili zake zinafanana sana na hizi zetu.

Dawa za homoni za hospitali zipo na wengi wetu hatujawahi hata kuambiwa zipo. Tukiambiwa tunaambiwa zinaleta kansa, basi. Hiyo hofu ina asili yake, Julai 2002 Marekani walisimamisha sehemu ya utafiti mkubwa unaoitwa Women's Health Initiative, wanawake zaidi ya 16,000, kwa sababu waliokuwa wanameza estrojeni pamoja na projestini, dawa inayofanya kazi kama homoni ya projesteroni, walionekana kupata saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda zaidi kidogo kuliko wenzao. Dunia nzima ikatupa vidonge. Kilichokuja kusemwa baadaye kwa sauti ndogo ni kwamba wanawake wale wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63, wengi walishavuka hedhi zamani sana, na takwimu zilipochambuliwa rika kwa rika ikaonekana aliye chini ya miaka 60, au ambaye haijapita miaka 10 tangu hedhi ikome, kama hana kizuizi na joto linamtesa kweli, mara nyingi faida inazidi hatari. Vizuizi vipo, aliyewahi kuugua saratani ya matiti, aliyewahi kugandisha damu kwenye mishipa, anayetokwa damu bila sababu kujulikana, hao huwa hawapewi. Na mwenye kizazi chake lazima apewe na projesteroni, asipewe estrojeni peke yake. Sasa mazungumzo kama hayo yanataka dokta mwenye dakika ishirini na mwanamke anayejua cha kuuliza, kopo la redioni halikuulizi chochote.

Halafu kinachonichekesha, tunaogopa homoni ya daktari huku tunapaka krimu za kung'arisha zenye steroidi miaka nenda rudi. Steroidi nazo ni homoni jamani, zinapenya kwenye ngozi, ukizipaka mwili mzima muda mrefu zinaweza kukupandishia sukari na kukulegeza mifupa, tena katika umri ambao mifupa inapungua yenyewe.

Maana kwa kweli joto la usiku haliui mtu, linakera tu. Kinachoua ni kile kinachokuja nyuma yake kimya kimya. Estrojeni ikiondoka mifupa inapungua kwa kasi miaka ile ya mwanzo, mafuta mabaya kwenye damu yanapanda, mafuta ya mwili yanahamia tumboni hata kama chakula ni kilekile, na presha inaanza kupanda. Utafiti wa STEPS, ule wa magonjwa yasiyoambukiza, wa mwaka 2012 hapa Tanzania ulikuta karibu robo ya watu wa miaka 25 mpaka 64 wana presha ya juu, na wengi wao hawakuwa wanajua. Kupima presha ni dakika mbili. Saratani ya mlango wa kizazi vilevile, wanapaka ile dawa kama siki wanaangalia, majibu hapohapo, na bado saratani hiyo ndo inaongoza kwa wanawake wanaopelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar es Salaam. Chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani hiyo, ilianza kutolewa kwa mabinti 2018, sisi mama zao haikutukuta, tumebaki na kupimwa tu, na kupimwa kwenyewe tunangoja Oktoba, mwezi wa saratani ya matiti, wahudumu wakija na maturubai na spika.

Mambo ya chakula na mazoezi sitayarefusha, kila mtu kashaimbiwa. Nitasema tu dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana kalsiamu nzuri tu hapo sokoni, na kwamba shirika la afya duniani linapendekeza dakika 150 za kutembea haraka au kazi kama hiyo kwa wiki pamoja na mazoezi ya misuli siku mbili. Mama wa kijijini mwenye jembe anakucheka ukimwambia hivyo. Ni sisi wa mjini tunaopanda bodaboda mpaka mlangoni.

Na kina baba mnaosoma hapa mkicheka, homoni yenu nayo inashuka, polepole tu kama asilimia moja kwa mwaka, haina siku ya kukatika kama yetu. Hayo matatizo ya chumbani mara nyingi ni sukari au presha inaharibu mishipa ya damu, na mishipa midogo ya huko inaweza kuonyesha shida miaka kadhaa kabla ya moyo. Mtu anayeficha hilo kwa unga wa kwenye chupa anaficha taarifa ambayo ingemwokoa.

Ninachoomba sio hospitali mpya. Majengo ya kliniki ya mama na mtoto yapo mpaka kwenye kata, manesi wapo, mizani na mashine ya presha zipo. Itengwe siku moja, hata kwa mwezi, kwa wanawake wa 45 na kuendelea, mtu apimwe presha, sukari na mlango wa kizazi, aulizwe usingizi vipi, joto vipi, mkojo vipi, ndani ya nyumba vipi, yaandikwe kwenye kadi kama ile ya ujauzito. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa 2023, haya yawemo mle ndani yakiitwa kinga, tusisubiri mpaka mtu aanguke kiharusi ndo bima ianze kulipa mamilioni.

Na nyie gazeti, kabla ya kupokea hela ya tangazo la kopo muulizeni mwenye kopo kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, au cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kiko wapi. Halafu mtafuteni daktari bingwa wa wanawake ajibu maswali ya wasomaji kwenye ukurasa wa afya. La kwanza natoa mimi, kuna mwalimu mwenzetu hedhi ilishakata muda mrefu, zaidi ya mwaka, juzi ameona damu na majirani wanampongeza eti usichana umerudi. Ninavyojua mimi damu ya namna hiyo hata ikiwa tone ni ya kukimbizwa hospitali wiki hiyohiyo kuangaliwa kizazi, inaweza isiwe kitu na inaweza kuwa saratani. Yeye hanisikilizi mimi, gazeti analisoma kila siku, kwa hiyo hilo liandikeni mapema tafadhali, na kwa herufi kubwa.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Kihonda, Morogoro