Risala ya Wafanyakazi kwa Mgeni Rasmi, Kufunga Mafunzo ya Kinga na Tahadhari ya Moto

Ndugu Mgeni Rasmi, Kamanda wetu wa Zimamoto na Uokoaji, mmiliki wa jengo, waajiri wetu, wakufunzi, mabibi na mabwana.

Kwa niaba ya wafanyakazi wa ghorofa zote za jengo hili, tunakushukuru kwa kukubali kutufungia mafunzo haya ya siku mbili, ambayo kwa wengi wetu yalikuwa nafasi ya kwanza kushika mtungi wa kuzimia moto, kuvuta pini na kuelekeza dawa kwenye shina la moto badala ya kwenye ndimi zake.

Ndugu Mgeni Rasmi, sisi ni majirani wa Soko Kuu la Kariakoo, lililoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na wapo kati yetu waliosimama barabarani usiku ule wakiangalia mitaji ya watu ikiteketea. Ndiyo maana hatuwezi kulinyamazia tuliloliona jana.

King'ora cha zoezi kilipolia, wenzetu wa ghorofa za juu walishuka kwa ngazi ya nyuma kama walivyoelekezwa, wakakuta mlango wa dharura umefungwa kwa kufuli, ufunguo uko kwa mlinzi wa usiku aliyekwisha kwenda kwake, na marobota ya vitenge yamepangwa hadi usawa wa kitasa. Wakageuka kupanda, wakakutana na wengine wanaoteremka, na dada mmoja mjamzito akakaa kwenye ngazi kwa kuishiwa pumzi. Hapo hapakuwa na moshi, na taa zilikuwa zinawaka.

Tunajua kufuli lile liliwekwa kwa sababu ya wizi, na hasara waliyoipata waajiri wetu ni ya kweli. Hata hivyo, viko vitasa vya kusukuma ambavyo kwa nje havifunguki bila ufunguo, na kwa ndani humfungukia hata mtu asiyeona mbele kwa moshi. Tulipouliza, mwajiri alijibu kuwa jengo si lake, na msimamizi wa jengo akajibu kuwa marobota si yake. Katikati ya majibu hayo mawili mlango umebaki umefungwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde usalama wa aliowaajiri, na Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 inalipa Jeshi lako mamlaka ya kukagua majengo. Tunaomba wakubwa wetu wakae meza moja, wakubaliane kwa maandishi nani anashughulikia mlango, nani ngazi, na nani anahudumia mitungi, kwani ule wa ghorofa ya pili mshale wa geji yake umelala kwenye nyekundu.

Kwa upande wetu, tunaahidi kuacha kuchemshia chai stoo, na kupiga 114 mara tuonapo moshi, bila kusubiri ruhusa ya bosi.

Mwisho, Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba ukaguzi ujao ufanyike bila taarifa, saa nne asubuhi ya siku ya kazi, na uanzie kwenye mlango huo wa nyuma.

Tunaomba kuwasilisha.