Barua kwa Mwanaisha: mto wa kulalia wa yule mtoto

Kilifi, Jumapili usiku

Swahiba yangu Mwanaisha,

Salamu zangu zikufikie wewe, mama na watoto. Sisi wazima, joto tu ndilo linalotutoa roho.

Juzi kwenye simu uliniuliza nimekosa kazi gani duniani hata nikaenda kusomea mifupa ya watu. Nikacheka, laini ikakatika. Basi jibu ni hili.

Pango la Panga ya Saidi, huku huku kwetu, ndimo alimozikwa mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, miaka 78,000 iliyopita. Katika Afrika nzima halijapatikana kaburi la binadamu kama sisi lililo kongwe zaidi. Dalili za kwanza zilionekana 2013, lakini mifupa ilikuwa laini mno, ukiigusa inakuwa unga. Mwaka 2017 kina Emmanuel Ndiema, mwanaakiolojia wa makumbusho ya taifa, wakalizungushia plasta bonge zima la udongo, likaenda makumbusho Nairobi, kisha Burgos, Hispania. Huko Nairobi yalichomoza meno mawili, wakashuku ni mtu. Wewe unayechungulia vinywa vya watoto kliniki kila siku, nikueleze nini kuhusu meno na umri?

Amelazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani. Ubavu wa kulia, Mwanaisha! Nikaukumbuka mwanandani, kile kishimo cha ndani ya kaburi tunamolaza maiti wetu kwa ubavu huo huo, ingawa najua hayahusiani. Mtulinga, ule mfupa kati ya shingo na bega, na mbavu za juu zimebanwa zikageuka, dalili kwamba alifungwa kwa kitu, pengine majani au ngozi. Kichwa nacho kimeanguka, na pingili za shingo zimeinama nacho. Wanasema kilikuwa juu ya mto, mto ukaoza, kichwa kikashuka. Mto wenyewe haupo, hata uzi.

Hapo mimi nikasema hawa sasa wanaota.

Leo mchana Salimu wa dada alikuwa amelala mkekani, ubavu ubavu, magoti kayakunja. Mwezi ujao anatimiza mitatu. Nikauvuta mto wake polepole. Kichwa kikateremka, uso ukageukia chini, shingo ikapinda vilevile kama nilivyoona pichani. Akanung'unika, akapapasa kuutafuta, macho bado kayafumba.

Nikamrudishia upesi. Wali uliungua jikoni, mimi niko pale pale mkekani.

Nijibu kwa barua, si simu.

Wako,
Zuhura