Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Masomo ya Uzamili: Usimamizi Usiishie Mlangoni mwa Chuo

Kwa Mkurugenzi wa Masomo ya Uzamili na Uzamivu,

YAH: USIMAMIZI NA USALAMA WA WANAFUNZI WA SAYANSI YA SIASA WAWAPO UWANDANI

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Husika na somo tajwa hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika sayansi ya siasa. Nimemaliza kozi za darasani, nimetetea pendekezo la utafiti, nimepewa kibali, nimekwenda uwandani na kurudi, na sasa naandika tasnifu. Nimeamua kukuandikia hadharani badala ya kuipitisha barua hii kwa mkuu wa idara kwa sababu jambo ninalolieleza halimhusu msimamizi mmoja wala idara moja. Linahusu kanuni ambazo ofisi yako ndiyo mlezi wake, na wanaoguswa nazo ni wanafunzi waliotawanyika, kila mmoja na eneo lake la utafiti, ambao hawana kikao kinachowakutanisha.

Katika kipindi cha kozi, chuo hukaa nasi karibu sana. Tunasomeshwa nadharia za dola, siasa linganishi, uhusiano wa kimataifa na mbinu za utafiti. Insha zetu zinasomwa, zinapingwa, zinarudishwa zikiwa zimejaa wino. Kisha kibali cha utafiti kinatoka, na kuanzia siku hiyo usimamizi unalala hadi mwanafunzi atakaporudi na rasimu ya sura ya matokeo. Miezi iliyo katikati ndiyo inayozaa tasnifu, na ndiyo miezi ambayo mwanafunzi wa siasa anaweza kudhurika au kumdhuru mtu aliyemwamini. Ombi langu, ambalo nitalifafanua, ni kwamba usimamizi umfuate mwanafunzi hadi kule anakokwenda.

Nianze na karatasi. Kanuni zetu zinataka kila mhojiwa asome fomu ya ridhaa yenye kurasa mbili, aandike jina lake kamili, atie sahihi na tarehe, kisha fomu hizo zikabidhiwe idarani pamoja na rasimu. Utafiti wangu unahusu watu waliohama vyama vyao vya siasa na namna walivyotendewa baada ya kuhama. Mhojiwa wangu wa tisa alikuwa mzee aliyewahi kuwa katibu wa chama kwa muda mrefu. Alinikaribisha vizuri, akavaa miwani, akaisoma fomu yote taratibu huku akifuata mistari kwa kidole, na alipofika penye nafasi ya sahihi kidole kikasimama. Akaikunja karatasi mara mbili, akanirudishia, akaniambia: "Mwanangu, nitakueleza kila kitu, na jina langu unalijua. Ila hapo sitii mkono wangu. Karatasi yenye sahihi yangu iliwahi kunitoa kazini." Tulizungumza kwa saa tatu. Ni mahojiano bora kuliko yote niliyoyafanya, na hayamo ndani ya tasnifu yangu.

Jioni ile nilimwandikia msimamizi wangu kumuuliza nifanyeje. Jibu lilikuja baada ya siku kumi na tisa, nalo lilikuwa na maneno mawili: "Fuata taratibu." Sina kinyongo naye, kwa kuwa ana wanafunzi wengi kuliko mtu mmoja anavyoweza kuwasimamia, na hakuna kanuni inayomtaka ajibu upesi zaidi ya hapo. Nikafuata taratibu. Wahojiwa saba walikubali kuzungumza wakakataa kutia sahihi, na wote saba nimewaacha nje.

Naomba, Mheshimiwa, ulitazame jambo hili kwa makini, kwa sababu hasara yake haionekani haraka. Wale saba wote walikuwa wametoka kwenye chama chenye nguvu kwenda kwenye vyama visivyo na nguvu. Waliotia sahihi bila kusita walikuwa ama viongozi walio madarakani, ama watu waliohama kuelekea kule kwenye madaraka. Kwa maneno mengine, fomu ndiyo iliyonichagulia sampuli. Nimebaki na tasnifu kuhusu hofu ya kisiasa ambayo imeandikwa kwa sauti za wasioogopa, na mtahini wa nje akiniuliza kwa nini walioshindwa hawasikiki, sitakuwa na jibu la kitaaluma la kumpa, maana sababu yenyewe ni ya kiutawala.

Fomu hizi zina historia, na historia hiyo inaeleza kwa nini zinatukaa vibaya. Zimetoka katika maadili ya tiba. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 ziliandikwa baada ya madaktari wa utawala wa Wanazi kuhukumiwa kwa majaribio waliyowafanyia wafungwa, na Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979, mwongozo wa Marekani wa maadili ya utafiti, ilikuja baada ya dunia kujua kwamba huko Tuskegee, Marekani, wanaume weusi wenye kaswende walifuatiliwa kuanzia 1932 hadi 1972 bila kupewa tiba iliyokuwapo. Hospitalini sahihi humlinda mgonjwa. Ni ushahidi kwamba aliambiwa hatari na akakubali, na akidhulumiwa ana pa kushika. Katika siasa hatari aghalabu iko kwenye kujulikana kwamba mtu amezungumza, kwa hiyo karatasi iliyokusudiwa kumlinda inageuka kuwa orodha ya majina inayosubiri mtu wa kuitafuta. Hata kanuni za serikali ya Marekani za kulinda washiriki wa utafiti zinaruhusu kamati ya maadili kuondoa sharti la sahihi pale ambapo fomu hiyo ndiyo kumbukumbu pekee inayomuunganisha mshiriki na utafiti, na hatari kubwa ni siri kuvuja. Ridhaa inabaki palepale. Kinachoondolewa ni wino. Sioni kwa nini sisi tuwe wagumu kuliko hao ambao kwao tuliazima fomu.

Suala la pili ni ahadi. Kila fomu yetu inasema kwamba maelezo ya mhojiwa "yatatunzwa kwa siri". Nani ameahidi hapo? Mwanafunzi, au chuo? Na siri hiyo itadumu hata mbele ya amri ya mahakama? Kuanzia mwaka 2001 hadi 2006 mradi wa Chuo cha Boston, Marekani, ulirekodi masimulizi ya watu waliopigana katika makundi yenye silaha huko Ireland ya Kaskazini, kwa ahadi kwamba kanda hazitatolewa mpaka msimulizi afariki. Mkataba baina ya chuo na mkurugenzi wa mradi ulikuwa na kifungu kinachoiwekea siri hiyo mpaka wa sheria za Marekani. Fomu waliyopewa wasimulizi haikuwa na kifungu hicho. Mwaka 2011 polisi wa Ireland ya Kaskazini, wakichunguza mauaji ya mwaka 1972 ya mama mjane aliyeitwa Jean McConville, waliomba kanda kupitia serikali ya Marekani. Shauri likapanda mahakamani, na mwaka 2013 baadhi ya kanda zikakabidhiwa. Watu walikamatwa. Mwaka 2019 mahakama ya Belfast ilikataa kuzipokea kanda kama ushahidi katika kesi iliyotokana nazo, lakini kufikia hapo waliosimulia walikuwa wameishi miaka minane bila kujua maneno yao yangewafikisha wapi. Familia ya marehemu ilikuwa na haki ya kutafuta ukweli, na sitaki kulipuuza hilo. Kosa ninalolionyesha ni la taasisi kumpa mhojiwa ahadi pana kuliko ile ambayo yenyewe ilijua inaweza kuitimiza.

Wapo pia waliobeba ahadi hiyo peke yao. Samuel Popkin, mwanasayansi wa siasa wa Harvard aliyekuwa akiitafiti Vietnam, aliwekwa ndani kwa wiki moja mwaka 1972 kwa kukataa kulitajia jopo la mahakama watu aliozungumza nao. Rik Scarce, mwanafunzi wa uzamivu katika fani jirani ya sosholojia, alikaa mahabusu siku 159 mwaka 1993 kwa sababu ya namna hiyohiyo. Ninaposoma habari ya Scarce huwa najiuliza swali ambalo naliuliza sasa kwa ofisi yako: mimi nikiitwa kesho na kuamriwa nitoe kinasa sauti changu, mwanasheria wa chuo atasimama nami, atasimama kando, au atanishauri nikitoe? Nimelitafuta jibu katika kitabu cha kanuni cha wanafunzi wa shahada za juu, na halimo.

Kuhusu usalama wa mwanafunzi mwenyewe nitasema machache, kwa kuwa mifano inajieleza. Giulio Regeni, Mwitaliano mwenye umri wa miaka 28 aliyekuwa akisoma shahada ya uzamivu Cambridge, alitoweka Cairo tarehe 25 Januari 2016 akiwa katika utafiti wa vyama huru vya wafanyakazi. Mwili wake ulipatikana siku chache baadaye kando ya barabara, ukiwa na alama za mateso. Matthew Hedges, mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, alikamatwa Dubai mwezi Mei 2018 alipokuwa akiondoka baada ya ziara ya utafiti, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa ujasusi mwezi Novemba, kisha akasamehewa siku chache baada ya hukumu. Hawa walitoka vyuo vikubwa vyenye jina. Kwetu, sehemu ya hatari katika fomu ya maombi ya kibali ina mistari mitatu, na nakiri kwamba mimi niliijaza kwa kuandika "hakuna hatari inayotarajiwa", kama walivyoandika wenzangu wote niliowauliza, kwa sababu tulijua kuandika vinginevyo kungechelewesha kibali.

Kuna anayeweza kudhani kwamba naomba tulindwe tu. Usimamizi wa karibu unailinda elimu pia. Mwezi Desemba 2014 jarida la Science lilichapisha makala iliyosema kwamba mazungumzo mafupi ya mlangoni yanaweza kubadilisha kwa muda mrefu msimamo wa wapiga kura kuhusu ndoa za jinsia moja. Mwandishi wa kwanza alikuwa mwanafunzi wa uzamivu, na wa pili profesa mwenye heshima kubwa katika fani yetu, ambaye hakuwa amezikagua data ghafi yeye mwenyewe. Watafiti wawili vijana wa Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, David Broockman na Joshua Kalla, walipojaribu kufanya utafiti unaofanana nao waliona takwimu haziendi sawa. Kampuni iliyodaiwa kukusanya maoni ikasema haiujui mradi huo. Mwezi Mei 2015, kwa ombi la profesa huyo, makala iliondolewa. Msimamizi asiyejua mwanafunzi wake yuko wapi na anazungumza na nani hawezi kumwokoa akipata shida, na hawezi pia kujua kama kilichoandikwa kilitokea.

Baada ya kuyasema hayo, naomba mambo yafuatayo yaingizwe katika kanuni kabla kundi lijalo halijapewa vibali. Ridhaa ya mdomo ikubaliwe katika utafiti wa kisiasa, mwanafunzi akiandika tarehe, namba ya siri ya mhojiwa na maneno aliyomsomea, bila jina. Kabla ya safari, mwanafunzi, msimamizi na mwanasheria wa chuo wakae pamoja, na ahadi ya siri iandikwe upya kwa maneno ambayo chuo chenyewe kiko tayari kuyatetea mahakamani. Maneno hayohayo, bila kupunguza, ndiyo asomewe mhojiwa. Msimamizi awe na siku maalumu ya kuzungumza na mwanafunzi aliye uwandani, angalau mara moja kwa wiki, na awepo mtu wa pili wa kupokea simu pale msimamizi asipopatikana. Msimamizi asome sehemu ya madaftari na asikilize sehemu ya rekodi, majina yakiwa yameondolewa, wakati utafiti ukiendelea. Na mwanafunzi anayeona hali imekuwa ya hatari aruhusiwe kurudi na kubadilisha mada bila muda alioutumia kuhesabiwa dhidi yake, kwa sababu kwa sasa saa ya usajili haisimami, na wapo wanaobaki mahali wasipopaswa kubaki kwa kuhofia kuanza upya.

Najua jibu la kwanza litakuwa kwamba wasimamizi ni wachache na kazi ni nyingi. Ni kweli, nami nimeishi ndani ya ukweli huo. Lakini ikiwa chuo hakina watu wa kuwasimamia wanafunzi kumi walio uwandani, basi kina uwezo wa kuwapeleka sita, na hao sita wasimamiwe. Idadi ya wanaodahiliwa iko mikononi mwa ofisi yako.

Fomu saba zisizo na sahihi ninazo, na nimezifungia pamoja na madaftari yake. Naomba kamati ya maadili ikae kuamua kama mahojiano hayo yanaweza kurudishwa katika tasnifu kwa utaratibu wa ridhaa ya mdomo nilioueleza. Wahojiwa wote saba walikubali kwa kauli yao, na kila mmoja nilimwandikia tarehe na saa ya kukubali kwake katika ukurasa wa kwanza wa daftari lake. Niko tayari kufika mbele ya kamati siku yoyote nitakayoitwa.

Wako katika utafiti,

Mwanafunzi wa shahada ya uzamivu,
Sayansi ya Siasa