Sanamu ya Daphne ifuate mti, isifuate picha ya marumaru

Mheshimiwa Mhariri,

Vijana wanaochonga Malindi na hapa Lamu wameanza kuzipenda hadithi za Wagiriki wa kale, na sisi tunafurahi. Linalotusikitisha ni kwamba kazi nyingi huanzia kwenye picha ya sanamu ya marumaru iliyo kwenye simu. Mkono ulionyooshwa kando, ukichongwa katika gogo lililosimama, hukata nyuzi za mti. Ukigongwa kidogo tu, unavunjika kiwikoni kama biskuti. Iacheni picha. Ishikeni hadithi, kisha tafuteni mti unaokubaliana nayo.

Kwa wachongaji wa mbao, hakuna hadithi inayofaa kama ya Daphne, msichana aliyegeuka mti. Mshairi wa Kirumi Ovid anasimulia kwamba mungu Apollo alichomwa mshale wa dhahabu akashikwa na mapenzi, naye Daphne akachomwa wa madini ya risasi, akamkimbia. Alipokaribia kukamatwa, alimlilia babake Peneus, mungu wa mto, ambadilishe umbo. Miguu ikawa mizizi, gome likampanda kifuani, mikono ikawa matawi na nywele zikawa majani. Jina lake kwa Kigiriki ndilo jina la mti aliogeuka, mlaureli, ambao ni wa jamii moja na mdalasini na mparachichi. Mchongaji wa Kiitaliano Bernini aliichonga hadithi hii kwa marumaru kati ya 1622 na 1625, na kazi yake iko Galleria Borghese, Roma, ikiwa na majani membamba ajabu. Fundi wa mbao asishindane na wembamba ule.

Tafuta mwarobaini wenye panda: urefu futi 6 na nusu, kipenyo inchi 12 hadi 14, panda ikianzia futi 4 kutoka chini. Tawi nene litatoa kichwa na mkono mmoja, jembamba litatoa mkono wa pili, na nyuzi zitapanda zenyewe mpaka vidoleni. Iangalie panda vizuri kabla hujalipia. Iliyobana sana mara nyingi imemeza gome ndani yake, na hapo ndipo itakapochanika. Iliyo pana, yenye mviringo kama kitako cha bakuli, ina nguvu.

Gogo zima hupasuka, hilo halina dawa. Mti ukikauka husinyaa kwa kufuata mzunguko wake karibu mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea kwenye kiini. Kwa hiyo uchagulie ufa mahali pake: piga mfereji mmoja kwa msumeno mgongoni, uingie mpaka kwenye kiini, nao ufa utaelekea huko badala ya kukata shavu. Miisho yote ipakwe nta siku ileile ya kukata.

Wengi hushawishika kuliacha gome la kweli kiunoni, kwa kuwa hadithi yenyewe inazungumzia gome. Msifanye hivyo. Chini ya gome ndiko dumuzi hutaga, na mti ukikauka gome hubanduka vipande vipande. Libandueni lote mapema, kisha lichongeni upya. Tezo itoe umbo, patasi ya mviringo ivute mifereji ya gome, na alama za patasi ziachwe zionekane. Msasa upite kwenye ngozi peke yake. Mpaka kati ya ngozi na gome usiwe mstari mmoja kama ukingo wa leso. Upande mmoja gome lifike nyongani, upande mwingine lishike ubavu. Macho yakisafiri hapo ndipo mtu huona kwamba jambo linatokea mbele yake.

Majani yachongwe kwa mashada, marefu kwa kufuata nyuzi, yakiwa yameshikana kwa nyuma. Jani lililoachwa peke yake hewani halimalizi safari ya kwenda kwa mteja. Mafundi wa milango wa Lamu wana mkono huu tayari, maana ni majani na mawaridi wanayoyachonga kila siku kwenye miimo.

Wapo wenzetu wengi hapa wasiochonga sura ya kiumbe mwenye roho, na msimamo wao tunauheshimu. Hadithi hii inawafaa hata wao: wachonge mwisho wake. Uso umeshamezwa na matawi, umebaki mpindo wa shina tu unaokumbusha mtu aliyekuwa akikimbia. Ovid anasema Apollo aliweka mkono juu ya shina akasikia moyo ungali unapiga chini ya gome. Basi acheni mahali pamoja, ukubwa wa kiganja, palaini kabisa katikati ya gome lenye mikwaruzo. Atakayeigusa sanamu atapajua bila kuambiwa.

Sanamu isikae juu ya udongo, kwa ajili ya mchwa. Iwekwe juu ya jiwe. Palipo na kiungo tumieni chango za mti, kwa sababu msumari wa chuma huliwa na hewa ya chumvi na kuacha doa jeusi. Pakeni mafuta ya kitani mara tatu, kila mkono ukauke kabisa kabla ya mwingine. Na vitambaa vya kupakia msivirundike pembeni: vikilowa mafuta hayo hupata joto na kuweza kuwaka vyenyewe, nasi karakana zetu zimeezekwa makuti. Vitandazeni nje kimoja kimoja vikauke, au vilowekeni majini.

Mafundi wachongaji,
Langoni, Lamu